Bolti ya Upande wa Kushoto

Gari lililoburutwa hadi kwenye karakana ya Leokadia Chengula Jumatatu asubuhi lilikuwa limebonyea upande mzima wa mbele. Kwenye kioo kilichopasuka ilibandikwa karatasi ya Baraza la Usalama wa Vyombo, ikisema betri yake ifunguliwe na Leokadia peke yake. Hakushangaa. Tangu Msajili aanze kazi, betri kubwa ya kila gari la haibridi, linalotumia petroli na umeme, ilifungwa kwa muhuri unaotambua kiganja cha fundi, na fundi aliyefunga ndiye aliyefungua. Msajili hakuwa mtu. Ulikuwa mfumo uliosikiliza kila betri nchini, ukajua nani kaigusa, saa ngapi, na kwa kifaa namba ngapi. Lakini watu walizoea kumtaja kama mtu, kwa kuwa alihukumu kama mtu.

Gari lilikuwa la Yusto Ngailo, aliyebeba abiria kati ya Makambako na Njombe kwa miaka kumi na minane. Siku kumi na sita kabla, akiteremka kuelekea darajani, gari lilishindwa kupunguza mwendo likagonga ukingo wa zege. Abiria wanne walitoka na michubuko. Wa tano, Mwalimu Otmari Luoga, alikatwa mguu wa kulia chini ya goti. Msajili alitoa taarifa yake kabla hata vumbi halijatulia: dereva alichelewa kukanyaga breki kwa sekunde mbili, akagonga, na mgongano ukakata fyuzi ya betri. Yusto akawekwa mahabusu, ikisemwa kwamba alilala kwenye usukani. Kila alipoulizwa alirudia jambo moja, kwamba breki ilimwachia kabla hajagonga.

Baraza lilikuwa likae Alhamisi saa tano. Lilitaka fundi ajibu swali moja tu: fyuzi ilikatika kabla ya mgongano au baada yake?

Leokadia alijua uzito wa swali hilo. Gari la haibridi likiteremka, mota yake hugeuka jenereta. Huyashika magurudumu na kurudisha umeme kwenye betri, na dereva huhisi kana kwamba breki ndiyo inayofanya kazi hiyo. Fyuzi ikikatika, umeme unakosa pa kwenda, magurudumu yanaachiwa, na zinabaki breki za kawaida ambazo lazima zikanyagwe kwa nguvu zote. Mguu uliozoea kugusa kidogo hauwezi kulitambua hilo papo hapo. Sekunde mbili zilikuwa nyingi ukidhani dereva alilala. Kwa mtu aliyeshtuka, zilikuwa chache.

Msajili mwenyewe hakuona kilichotokea. Kumbukumbu ya gari ilikuwa na pengo la sekunde tatu mwishoni, na Msajili akikuta pengo hulijaza kwa jambo linalotokea mara nyingi. Mara nyingi ajali ndizo hukata fyuzi.

*

Alivaa glavu za mpira, baada ya kuzipuliza na kuzikunja moja moja kuhakikisha hazivuji, kisha za ngozi juu yake. Aliweka kiganja kwenye muhuri, ukafunguka. Akachomoa plagi ya usalama, akaitia mfukoni ili mtu asije akairudisha kwa makosa, halafu akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akasubiri dakika kumi. Plagi ikitoka, betri hukatwa katikati, lakini vihifadhi umeme vya upande wa mota hubaki vimeshiba, navyo vimeua mafundi wenye haraka. Dakika zilipotimia alipima kwanza betri ndogo ya volti kumi na mbili kuona kama mita yake inasema kweli, akapima nguzo za betri kubwa, sifuri, kisha akarudia ile ndogo. Mita ilikuwa nzima. Sasa angeweza kuingiza mkono.

Fyuzi ilikuwa silinda nyeupe ya kauri, nene kama kidole gumba, imeshikwa na bolti mbili, moja kila upande. Aliipima, haikupitisha kitu. Hilo lilijulikana. Alipima nyaya zote kwenda kwenye bodi ya gari, akitafuta mahali umeme ulipovuja. Hapakuwa na uvujaji. Alipima mota, akapima kigeuza umeme. Vyote vizima. Hapo ndipo alipoacha kuharakisha, kwa sababu mgongano unaokata fyuzi lazima ufanye hivyo kwa kugusanisha waya na waya, au waya na chuma, na mguso huo huacha alama ya moto mahali fulani. Alitafuta alama hiyo kwa tochi kwa muda wa saa nzima. Haikuwepo.

Akaitoa fyuzi, akaibana kwenye jiliwa, akaikata kwa msumeno mwembamba. Ndani ya fyuzi za aina hiyo kuna ukanda wa fedha uliozungukwa na mchanga. Umeme ukipita mwingi mno kwa ghafla, ukanda wote unayeyuka na mchanga unageuka kioo cheusi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mchanga uliomwagika mezani ulikuwa mweupe kama ulivyotoka kiwandani, isipokuwa bonge moja dogo upande wa kushoto. Na kifuniko cha chuma cha upande huo kilikuwa cha kahawia, rangi ya sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Fyuzi haikukatwa na ajali. Ilichomwa polepole, kwa wiki nyingi, na joto lililotoka nje yake. Ukanda ulichoka, ukapata ufa, na ule mteremko ukaumalizia. Yusto alikuwa amesema kweli.

Leokadia alijua joto kama hilo linatoka wapi. Linatoka kwenye bolti iliyolegea, ambapo umeme unapita kwa shida. Aliirudia ile bolti ya kushoto ambayo dakika chache kabla aliitoa bila kufikiri, akajaribu kukumbuka kama ilimsumbua. Haikumsumbua. Ilikuwa imetoka kirahisi mno.

Aliyeikaza bolti hiyo mara ya mwisho alikuwa yeye, mwezi wa pili, alipobadilisha feni ya kupozea betri.

*

Alikumbuka siku hiyo bila kulazimika kuangalia daftari. Asubuhi yake spana ya kipimo, ile inayolia bolti ikifikia mkazo uliowekwa, ilikuwa imemponyoka mezani ikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Aliiokota, akaifuta, akaisikiliza ikilia "tak" kama kawaida, akaendelea na kazi. Ilimpasa aipeleke kupimwa upya. Kulikuwa na magari matatu yanasubiri.

Alikwenda kwenye mashine ya kusaga ya jirani akaazima mawe ya mizani. Akaibana spana kwenye jiliwa, mpini ukiwa umelala sawasawa, akaiweka kwenye kipimo cha ishirini, na kwa kamba akaning'iniza mawe sentimita ishirini kutoka kwenye kichwa chake. Spana nzima ingehitaji kilo kumi ndipo ilie. Alianza na kilo tano. Akaongeza moja. Spana ikalia.

Alirudia mara nne, na mara zote ilikuwa kilo sita.

Kwa hiyo tangu mwezi wa pili hadi sasa, mwezi wa sita, kila bolti aliyoikaza kwa spana ile ilikuwa imekazwa kwa nguvu iliyozidi kidogo tu nusu ya inayotakiwa. Daftari lilimwonyesha magari ishirini na matatu, la Yusto likiwemo. Mawili yalikuwa ya kituo cha afya.

Fomu ya Baraza ilikuwa na visanduku vitatu: mgongano, kiwanda, karakana. Leokadia aliisoma akiwa amesimama. Akiweka alama kwenye mgongano, Yusto angefungwa. Akiweka kwenye kiwanda, Yusto angetoka na yeye angebaki na karakana yake, na hakuna ambaye angejua, kwa maana fyuzi ilikuwa imeshakatwa vipande na mchanga ungeweza kufagiliwa. Ila Msajili angezima magari yote nchini yenye fyuzi ya aina hiyo, maelfu, kwa kosa ambalo halikuwa lao. Alilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri baadaye.

Karakana ndiyo ilikuwa kweli. Lakini kweli hiyo nayo ilikuwa na makali yake. Mara tu angeitia kiganja fomu, Msajili angeyazima magari yote ambayo muhuri wake wa mwisho ulibeba namba ya spana ile, popote yalipo. Yangepunguza mwendo na kusimama kando ya barabara. Yasingewaka tena hadi Msajili amruhusu fundi mwingine aliyesajiliwa kuyafungua na kuyakagua, na fundi wa karibu alikuwa Mbeya, mwenye foleni ya wiki sita. Gari moja la kituo cha afya ndilo lililowapeleka wagonjwa watano wa figo Njombe kusafishwa damu, mara mbili kwa wiki.

Kulikuwa na njia ya kuwaokoa watu hao, nayo ilihitaji siku mbili. Gari likifunguliwa na kufungwa upya kwa spana nyingine, namba ya zamani inafutika na Msajili hawezi kulizima. Siku hizo mbili, hata hivyo, zilikuwa za mtu mwingine. Zilikuwa za Yusto.

*

Alimkuta amekaa kwenye benchi katika chumba cha wageni cha mahabusu, amevaa sweta iliyopwaya mabegani. Afisa aliwaachia robo saa.

"Kaka Yusto, fyuzi ilikatika kabla hujagonga," alimwambia. "Ulisema kweli."

Yusto aliinamisha kichwa. Kisha akauliza ilikatwa na nini.

"Na mkono wangu. Nilipobadilisha feni yako mwezi wa pili, bolti moja sikuikaza inavyotakiwa."

Alimweleza habari ya spana, mawe ya mizani, magari mengine ishirini na mawili, na jinsi Msajili angeyazima. Hakujipunguzia kitu. Mwishoni akamwomba avumilie hadi Alhamisi.

"Unaniomba nikae humu kwa ajili ya magari ya watu," Yusto alisema.

"Ndiyo."

"Na ukitoka hapa ukabadili mawazo?"

Leokadia alitoa karatasi mfukoni akaiweka juu ya benchi kati yao. Alikuwa ameyaandika yote kwa mkono, na sahihi yake chini. "Ukiona siku zimekuwa ndefu, mpe afisa. Usinisubiri mimi."

Yusto aliisoma mara mbili, midomo ikicheza. Alipomaliza aliikunja ndogo akaitia ndani ya soksi. Aliuliza kama lile gari la wagonjwa wa figo limo kwenye orodha. Leokadia akajibu limo, na kesho yake, Jumanne, lilitakiwa kuondoka saa mbili asubuhi.

"Basi anza na hilo," alisema, akasimama bila kumpa mkono.

*

Aliazima spana ya fundi wa mashine za mbao, iliyosajiliwa na yenye namba yake, na kabla ya kuikubali aliipima kwa mawe yale yale. Jumanne saa kumi na mbili, ukungu ukiwa bado umelala juu ya lami, alikuwa uani kwa kituo cha afya akisubiri dakika kumi zake pembeni ya gari la wagonjwa.

Bolti ya kushoto aliizungusha kwa vidole viwili.

Alikaa chini. Kifuniko cha fyuzi kilikuwa kimeanza kuwa cha kahawia. Gari hilo lilikuwa lipite mteremko ule ule baada ya saa mbili, na watu watano ndani. Alibadilisha fyuzi, akasugua nguzo hadi zikang'aa, akakaza, akafunga. Kioo kidogo cha muhuri kiliuliza sababu ya kufungua. Aliandika: ukaguzi wa kawaida. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa Msajili katika miaka kumi na moja, na alijua hautakuwa wa mwisho kwa siku hiyo.

Alizunguka na pikipiki kutoka nyumba hadi nyumba. Wengine walimfungulia geti wakiwa na miswaki mdomoni. Mwenye duka la mbolea alikataa gari lake liguswe kabla hajamaliza kupakua mizigo, na Leokadia akapakua naye. Walipouliza kuna nini, aliwaambia kwamba mwezi wa pili hakukaza vizuri na amekuja kurekebisha. Hakuwaficha hilo. Kilichobaki kingesemwa Alhamisi. Baadhi walimshukuru. Mmoja alimwambia hatamletea gari tena, akamjibu kwamba ana haki.

Kufikia Jumatano jioni alikuwa amefunga magari ishirini na moja. Manne yalikuwa na bolti zilizolegea, na mawili kati ya hayo yalikuwa yameanza kuungua. Lililobaki lilikuwa la Getruda Sanga, mfanyabiashara wa viazi, aliyekuwa amekwenda kuchukua mzigo Ludewa tangu Jumapili. Simu yake haikupatikana. Leokadia alimpigia tena Alhamisi alfajiri, tena saa tatu, tena akiwa mlangoni mwa Baraza.

*

Watu watatu walikaa mezani, na katikati yao Bi Anastela Mwalongo, mwenyekiti, mama mwenye sauti ya chini aliyesoma kila karatasi hadi mwisho. Yusto aliketi pembeni na afisa. Leokadia aliwawekea kipande cha fyuzi, kichupa chenye mchanga mweupe, na bonge lile dogo jeusi. Akawaeleza kwa nini ajali isingeweza kuacha mchanga mweupe vile. Bi Anastela alikigeuza kifuniko cha kahawia mkononi, akauliza maswali manne, yote ya maana, kisha akauliza la tano.

"Nani aliikaza bolti hii?"

"Mimi."

Chumba kilikuwa na watu kama kumi na watano. Leokadia aliendelea kabla hajaulizwa, kwa sababu aliogopa kwamba akinyamaza hapo angeshindwa kuanza tena. Alisema kuhusu spana iliyoanguka. Alisema kuhusu magari ishirini na moja aliyoyarudia, na jinsi alivyoandika ukaguzi wa kawaida mara ishirini na moja akijua si kweli. Alisema kwamba alijua ukweli tangu Jumatatu na kwamba Yusto amelala mahabusu siku tatu zaidi kwa ombi lake. Halafu akasema limebaki gari moja barabarani, akauliza kama mwenye gari anaweza kutafutwa kwanza.

Bi Anastela alijibu kwamba Msajili hana mlango huo. "Fomu ikitiwa kiganja inatumika hapo hapo. Isipotiwa, sina cha kumfungulia huyu bwana. Uamuzi ni wako, Fundi."

Leokadia aliwaza juu ya barabara ya Ludewa, kona zake, na gari lenye mzigo linaloishiwa nguvu taratibu mahali ambapo huenda hakuna nyumba. Akawaza juu ya ile bolti iliyozunguka kwa vidole viwili. Alimtazama Yusto. Yusto alikuwa akiangalia sakafu.

Aliweka alama kwenye kisanduku cha tatu, akabonyeza kiganja.

Uamuzi ulisomwa kabla ya saa saba. Yusto Ngailo aliachiwa, na jina lake likasafishwa. Mkono wa Leokadia Chengula ulitolewa kwenye sajili kwa miaka mitatu: mwaka mmoja na nusu kwa bolti, mwaka mmoja na nusu kwa uongo kwenye muhuri. Aliuona uamuzi huo ni wa haki.

Yusto alitoka bila kusema naye. Alivuka barabara peke yake, akielekea kwa dada yake, mkononi ana mfuko wa plastiki wenye nguo.

Habari za Getruda Sanga alizipata wiki iliyofuata. Gari lilimzimikia pasipo na mtu, akalala ndani yake usiku wa baridi kali, viazi vikanyeshewa. Fundi wa Mbeya alipolikagua hatimaye, wiki sita baadaye, alikuta bolti zote mbili zimeshika vizuri na fyuzi nyeupe kabisa. Getruda hakumsalimia Leokadia tena, sokoni wala kanisani.

*

Lakini Alhamisi ile bado hakulijua hilo. Kutoka Barazani alikwenda moja kwa moja hospitali, kwa sababu redio ya wilaya ingetangaza uamuzi saa kumi, naye hakutaka Mwalimu Luoga ausikie redioni.

Alimkuta ameegemea mito, shuka limetandazwa juu yake likishuka ghafla pale mguu ulipoishia. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mwalimu wa jiografia, ndevu zimekatwa vizuri hata hapo kitandani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ni nani, mama?"

Alimwambia jina lake na kazi yake, akajirekebisha kwamba kazi hiyo hanayo tena. Kisha akamweleza. Mwalimu hakumkatiza. Mara moja tu aliinua kidole, kama anavyofanya darasani, akataka aelezwe tena namna bolti iliyolegea inavyoweza kuzaa joto. Leokadia akaeleza kwa kulinganisha na watu wengi wanaolazimika kupita mlango mwembamba wakisuguana. Mwalimu akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.

"Kwa hiyo Yusto hakulala," alisema.

"Hakulala, Mwalimu. Alikanyaga breki mara tu alipojua."

Mzee aligeuza uso dirishani. Nje upepo ulikuwa ukipeperusha mashuka kwenye kamba. Akazungumza kwa sauti ile ile, ila polepole zaidi. Alisema kwamba kwa siku kumi na tisa amemchukia mtu yule. Mke wa Yusto alikuja na uji mara mbili, naye akamfukuza mbele ya wauguzi.

Leokadia alisema kwamba chuki hiyo ilikuwa yake yeye, na amekuja kuichukua.

"Hilo halihamishwi kama mzigo," Mwalimu alisema. "Wewe bado sijui nikufanyeje. Nitahitaji muda, na huenda usitoshe. Lakini yule, mlete."

"Hajasema na mimi tangu atoke, Mwalimu. Sijui kama atanifuata."

"Mwambie nimemwita mimi."

Leokadia alisimama. Alikuwa amechoka kiasi kwamba ngazi za hospitali zilionekana mbali, na nyumba ya dada yake Yusto ilikuwa juu kabisa ya kilima, upande wa pili wa mji, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Pikipiki yake aliiacha Barazani. Alifunga kitenge vizuri kiunoni, akashuka ngazi, akashika njia ya kupanda kilimani.